Tumbo la Mwosha Maiti

Aldjia hakuwa mtu wa kuogopa maiti. Sisi wa mtaa wa juu tulimzoea hivyo. Ukimwita kwenye mvua anakuja, ukimwita kwenye theluji anakuja, na kikapu chake cha kafuri, pamba na majani ya mkunazi. Alikwisha kuwaosha walioungua na waliozama bwawani. Alimwosha mama yake mzazi, na chozi halikumtoka mpaka sanda ilipofungwa. Watu walisema yule mama ana moyo wa jiwe. Hawakujua habari za tumbo lake.

Tumbo lilikuwa limeanza miaka mitatu kabla ya mambo haya. Lilianza kwa damu chooni, kisha msokoto wa kumkunja mtu katikati, na kukimbilia choo mara kumi kabla ya adhuhuri. Akapelekwa hospitali kubwa mjini Constantine, akapitishwa mrija wenye kamera, na daktari mmoja mwanamke, Daktari Benyahia, akamwambia kwamba utumbo wake mpana umejaa vidonda. Ni ugonjwa wa kudumu, alisema, hauondoki, ila hutulizwa. Akampa vidonge vya kumeza kila siku ya Mungu. Aldjia akavimeza, damu ikakoma, akarudi kwenye kazi yake. Aliyejua ni Hadda peke yake, mdogo wake, mjane kama yeye, aliyekuwa akiishi naye katika nyumba ya vyumba viwili juu ya ngazi za mawe. Kwa wengine alifunga mdomo. Mwosha maiti anatakiwa awe msafi kuliko wote, na yeye aliona haya watu wasije wakasema, yule anatuoshea wafu wetu na mwenyewe hawezi kujizuia.

Basi, majira ya baridi ya mwaka ule theluji ilianguka nzito, na asubuhi moja Fouzia akaja kubisha mlango. Huyu Fouzia ni dada wa Sebti, mwenye ghala la mitungi ya gesi. Gesi ya mabomba haijafika mtaa wetu, na baridi ikikaza, mwenye mitungi ndiye mwenye mtaa. Unamsalimia wewe kwanza, hata kama ni mdogo kwako.

"Khalti Aldjia," Fouzia alisema, maana ndivyo tunavyowaita mama wakubwa wa mtaa, "Nawel ametutoka. Mke wa Sebti. Ameteleza kwenye ngazi, barafu, kichwa kikapiga jiwe."

"Inna lillahi," Aldjia akasema. "Yule mtoto? Si juzi tu nilimwona anaanua nguo?"

"Ndiyo hivyo. Ameteleza."

Nawel alikuwa na miaka ishirini na sita. Walipomlaza kwenye ubao wa kuoshea, Hadda akabaki jikoni kuchemsha maji, na Fouzia akasimama chumbani. Kwa kawaida ndugu wa mume hutoka. Huyu hakutoka. Aldjia akaosha kama anavyoosha siku zote, chini ya kitambaa, upande wa kulia kwanza. Jeraha la kichwani lilikuwapo, kweli. Lakini alipoinua kidevu ili amwage maji shingoni aliona alama chini ya taya, nne upande huu na moja upande ule, za rangi ya zabibu. Na mikononi, juu ya viwiko, palikuwa na michubuko mingine, mibichi kwa iliyokwisha kugeuka manjano. Ngazi haina vidole.

Mikono ya Aldjia ikasimama.

"Funika, Khalti," Fouzia akasema taratibu. "Maiti ana haki ya kusitiriwa."

"Haki ya maiti niliijua kabla wewe hujazaliwa."

"Ndiyo maana nakukumbusha tu."

Akamaliza. Akatia kafuri, akafunga sanda. Alipotoka, kwenye ujia alikutana na Ouarda, mama yake Nawel, aliyekuwa amefika kutoka kijijini na viatu vyake bado vina theluji. Ouarda akamshika mikono yote miwili. Kwetu mama humwuliza mwosha swali moja tu, na Ouarda akaliuliza.

"Uso wake ulikuwaje? Niambie, dada yangu. Uso wa mwanangu ulikuwaje?"

Nyuma ya Ouarda, mlangoni pa sebule, Sebti alikuwa amesimama na koti lake jeusi, akipokea mkono wa huyu na wa yule. Alikuwa akimtazama Aldjia.

"Ulikuwa unang'aa," Aldjia akasema. "Kama amelala."

Ouarda akamkumbatia na kulia kwa shukrani. Daktari aliyeitwa kuandika kibali cha mazishi alikwisha kuja na kuondoka; wanasema hakuvua hata koti. Kabla ya alasiri Nawel akawa chini ya udongo.

Kesho yake asubuhi Aldjia aliona damu.

Mwanzo ilikuwa kidogo. Siku zilizofuata ikazidi, na msokoto ukarudi, ule wa zamani, kama mtu anakamua nguo ndani yako. Hadda alimsikia chooni akiguna, akasimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Vidonge unameza?"

"Nameza."

"Basi hii ni khalaa. Umeshtuka, dada. Hofu imekuingia tumboni imekaa."

"Mimi? Miaka yote hii nimeosha watu, leo ndiyo nishtuke?"

"Ndiyo umejaa mpaka juu. Kila maiti anakuachia kijiko kimoja, sasa bakuli limefurika. Twende kwa Teber akukate hofu."

Aldjia hakumwambia Hadda alichokiona. Alijisemea kwamba mwosha ni mwenye amana. Anachokiona kwenye ubao hakitoki nje. Lakini ndani alijua kwamba si amana inayomfunga mdomo. Alikuwa anaogopa. Sebti alikuwa amesalimiana naye mara mbili baada ya mazishi, na mara zote mbili aliushika mkono wake muda mrefu kidogo kuliko salamu inavyohitaji.

Wakaenda kwa Teber. Ni mama mnene mwenye meno mawili ya dhahabu, na kazi yake ni kukata hofu za watu kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Akamkalisha Aldjia chini, akamfunika shuka kichwani, akayeyusha kipande cha risasi kwenye upawa juu ya moto, kisha akakimwaga ghafla ndani ya sufuria ya maji baridi aliyokuwa ameishika juu ya kichwa cha mgonjwa. Maji yakalia kwa kishindo. Aldjia akaruka.

Teber akakitoa kile kipande kilichoganda, akakigeuzageuza akisoma umbo lake. "He! Hii si hofu ndogo. Ona mabega haya. Mwanamume. Lini ilianza?"

"Tangu nimwoshe Nawel," Aldjia akasema, na neno lilipokwisha kutoka akatamani kulimeza.

Teber akamtazama. Akaiweka risasi chini polepole kama kitu cha moto, ilhali imekwisha kupoa. "Nawel wa Sebti," akasema. Kisha akaongea haraka haraka habari za chai ya mdalasini na kuepuka pilipili, akawasindikiza mpaka nje.

Njiani Hadda alikuwa anacheka. "Umemwona? Leo umemtisha mkata hofu mwenyewe!" Aldjia hakucheka. Alijua mdomo wa Teber. Siku ya wanawake kwenye hamamu, bafu la mtaa, ni Jumanne, na Jumanne ilikuwa kesho.

Siku ya Alhamisi, baada ya adhuhuri, Hadda akiwa sokoni, mlango ukabishwa. Aldjia akafungua akamkuta Sebti na mtungi wa gesi begani.

"Salamu alaykum, Khalti. Nipishe, mzigo mzito."

Akampisha. Angefanyaje? Sebti akaingia mpaka jikoni, akautua mtungi karibu na jiko, akapangusa mikono. Alikuwa mtu mzuri wa sura, mwenye sauti ya chini, asiyegombana na mtu sokoni.

"Sikuagiza gesi, mwanangu."

"Najua. Ni zawadi. Umemhifadhi mke wangu vizuri, nami nisikutazame? Hapana, pesa sitaki, usinivunjie heshima." Akachuchumaa, akaanza kufungua ule mtungi wa zamani. "Nimesikia unaumwa."

"Baridi tu."

"Baridi? Wanawake wanasema hofu. Wanasema umekwenda kwa Teber." Akageuza shingo akamtazama kutoka pale chini. "Mwosha maiti anaogopa nini, Khalti? Hebu niambie. Wafu hawana neno na mtu."

Aldjia akarudi nyuma hatua moja. "Teber anapenda maneno."

"Hata mimi nimewaambia hivyo. Nimesema, Khalti Aldjia ni mtu wa siri, mdomo wake ni kaburi." Akafunga mtungi mpya, akavuta mpira wa gesi kuujaribu. "Mpira huu nimekubadilishia. Ule ulikuwa umechoka. Mpira ukichoka, gesi inatoka kimya kimya, mtu amelala hasikii kitu. Wajane wawili peke yao, hapana, lazima mjichunge."

Msokoto ukamkata. Aldjia alijua ule ukija haungojei. Akasema, "Nisamehe, mwanangu," akatoka jikoni akishika ukuta, akajifungia chooni. Na pale, akiwa ameinama, jasho la baridi likimtiririka mgongoni na damu ikimtoka, alimsikia yule mtu jikoni kwake akifungua kabati. Akasikia kijiko kikigonga kikombe. Sebti alikuwa anajitilia kahawa. Alikuwa anaimba kidogo puani.

Aldjia alibana mdomo asitoe sauti. Aliona haya na hofu kwa pamoja, hata hakujua ipi inamtetemesha. Mlango wa choo ulikuwa wa mbao nyembamba, na komeo lake lilikuwa kipande cha waya.

Hatua zikaja ujiani. Zikasimama mbele ya mlango.

"Usijisumbue kutoka, Khalti," sauti ikasema, karibu sana. "Pole na tumbo. Mimi nitaufunga mlango mwenyewe."

Alikaa mle mpaka Hadda aliporudi.

"Unafanya nini gizani? Na nani alikunywa kahawa?" Hadda akauliza.

"Usiwashe jiko!" Aldjia akapiga kelele. "Hadda, usiwashe! Fungua madirisha!"

Wakaukokota ule mtungi wawili wao mpaka kwenye roshani, kwenye theluji, nao ukabaki pale. Siku hiyo Aldjia akamweleza mdogo wake kila kitu, alama za chini ya taya na za mikononi. Hadda akavuta kiti, akakaa.

"Tunyamaze," akasema mwishowe. "Dada, tunyamaze. Yule binti amekwisha kufa, hatumrudishi. Sisi tuko hai."

Wakanyamaza. Wakawa wanapikia jiko la umeme la kazi ndogo, lile linalochukua saa nzima kuivisha supu, na usiku wanavaa makoti. Kila lori la gesi lilipopiga honi chini barabarani, Aldjia alikwenda chooni. Hadda alilia akasema, unaona sasa, ni hofu hii, ni hofu tupu. Na palikuwa na jambo jingine ambalo Aldjia hakumwambia mtu. Vidonge vyake vilikuwa vimekwisha. Duka la dawa mjini ni moja, na liko mkabala na ghala la Sebti. Ukisimama kwenye foleni, unasimama machoni pake. Alikwenda mara moja mpaka kona, akamwona ameketi nje kwenye kiti chake juani, akageuka. Hadda akimwuliza, "Umemeza?" anasema, "Nimemeza."

Akakonda. Gauni likawa linamning'inia. Walipokuja kumwita kwa bibi mmoja wa mtaa wa chini aliyefariki, alisema hawezi, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake. Watu wakaanza kunong'ona kwamba wafu wamemchoka.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, Ouarda akaja. Alikuja na mkate wa semolina bado wa moto ndani ya kitambaa, na tini kavu, akaketi, akamtazama Aldjia akashtuka.

"Dada yangu, umekuwaje? Umebaki mifupa!"

"Tumbo. Linaondoka, linarudi. Watu wako hawajambo?"

"Hatujambo, tunashukuru. Ndiyo maana nimekuja." Ouarda akakunja kitambaa, akakikunjua tena. "Nataka mtu wa kuniambia kama nafanya sawa, na wewe ndiye wa mwisho kumshika mwanangu. Sebti ametuma watu. Anamtaka Rym."

"Rym yupi?"

"Rym wangu, kitinda mimba. Si unajua ilivyo, mume akifiwa anaomba ndugu wa mke, nyumba isife. Mzee wangu amekubali. Sebti ni mtu mwenye uwezo, na hakutusahau tangu msiba, kila wiki analeta gesi. Fatiha ya ndoa itasomwa Ijumaa. Mtoto mwenyewe analia tu, anasema hataki. Ana miaka kumi na tisa, nimemwambia atazoea. Nawel naye alilia mwanzo."

Hadda alikuwa amesimama mlangoni na birika. Aldjia akamwona akitikisa kichwa, hapana, hapana, nyuma ya mgongo wa Ouarda.

Tumbo lilimkata Aldjia kwa nguvu ambayo hajawahi kuiona. Akashika ukingo wa meza. Mwili wote ulimwambia nyanyuka, kimbia, jifungie mle ndani mpaka huyu mama aondoke. Na angeweza. Angesema nisamehe, angetoka, Hadda angemaliza maneno, Ijumaa ingefika.

"Ouarda," akasema. "Nilikudanganya."

"Nini?"

"Uso wa Nawel haukuwa unang'aa. Alikuwa na alama za vidole shingoni. Nne huku, moja huku. Na mikono yake ilikuwa na michubuko mipya juu ya ya zamani. Mwanao hakuanguka. Au kama alianguka, alianguka amekwisha kukabwa."

Ouarda hakupiga kelele. Alimtazama kama mtu anayesikiliza lugha ngeni na maana inamfikia polepole. Kisha akasimama, akampiga Aldjia kofi la uso, kisha la pili.

"Uliniambia amelala! Miezi yote nalala kwa neno lako! Nimekula mkononi mwa yule mtu! Nimempikia!"

"Nipige. Lakini Rym usimtoe."

"Mbona hukusema, ewe mwanamke? Mbona hukusema?"

"Niliogopa," Aldjia akasema. "Bado naogopa." Na hapo hapo akakimbilia chooni, maana tumbo halikungoja zaidi.

Alipotoka, Ouarda alikuwa amevaa shungi lake. Macho yalikuwa mekundu lakini makavu.

"Utayasema haya mbele ya askari wa jandarma?"

"Nitasema."

"Leo. Kabla hujaogopa tena."

Wakaenda wote watatu kwa gari la mpwa wa Hadda, si kwenye kituo cha mjini kwetu, bali mji wa pili, ambako Sebti hakuwa na rafiki wa kunywa naye kahawa. Aldjia alieleza mbele ya afisa kijana aliyekuwa akiandika bila kuinua kichwa, mpaka alipofika kwenye vidole. Hapo aliinua. Aldjia aliomba choo mara tatu katikati ya maelezo, na mara zote tatu afisa alisimama kumwonyesha njia kwa adabu, kama anayemwongoza mama yake.

Mwendesha mashtaka akatoa amri ya kufukua kaburi. Mtaa mzima ulishika vichwa. Wengine walimlaani Aldjia waziwazi: mwosha gani anayetangaza maiti? Kuna aliyemwaga takataka mlangoni pake. Imamu, mtu mpole asiyependa ugomvi, alilazimika kusema baada ya sala kwamba kumsitiri maiti ni kuficha aibu ya maiti, si kuficha dhambi ya aliye hai. Alisema mara moja tu, akashuka haraka. Wachunguzi wa Constantine walikuta mfupa mdogo wa kooni umevunjika, ule unaovunjika mtu akikabwa. Sebti akachukuliwa ghalani kwake mchana kweupe, na Fouzia naye akaitwa kuhojiwa.

Sasa sikilizeni. Sisi sote tulingoja Aldjia apone. Teber mwenyewe alitangaza hamamuni kwamba hofu ikisemwa imekatika, hata risasi haihitajiki tena. Hadda alichinja kuku. Na Aldjia aliamini. Usiku wa siku ile Sebti alipochukuliwa, alilala akisema kesho nitaamka mzima.

Aliamka na homa. Kufikia jioni tumbo lilikuwa limevimba kama ngoma, damu inatoka bila kukoma, na macho yanamwenda juu. Wakamkimbiza Constantine kwa gari la wagonjwa, Hadda akimshikilia mkono na kusema, "Si umesema kila kitu? Mbona basi? Si umesema kila kitu?" Aldjia aliniambia baadaye kwamba katika safari ile aliogopa kuliko siku ile ya chooni. Siku ile alikuwa anamwogopa mtu, na mtu ana sura. Sasa hakukuwa na mtu, palikuwa na mwili wake tu, nao ulikuwa haumsikilizi.

Walimwekea sindano ya maji mshipani, wakamtia dawa kali, na madaktari wa upasuaji wakaja kusimama miguuni pa kitanda wakizungumza kwa sauti ndogo habari za kuukata utumbo. Walingoja siku, wakangoja nyingine. Homa ikashuka. Daktari Benyahia akaja asubuhi moja, akavuta kiti.

"Umetutisha, mama."

"Daktari, nataka uniambie kweli. Watu wote wamesema ni hofu. Mdogo wangu, mkata hofu, mtaa wote. Nami nikasema, basi nikiitoa hofu nitapona. Nimeitoa, na ndipo nusura nife. Kwa hiyo si hofu?"

Daktari akasogeza kiti karibu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Hofu haikukupa ugonjwa huu. Uliupata miaka mitatu nyuma, na wakati ule, ulivyonieleza, ulikuwa unalala vizuri. Ninao wagonjwa wanaocheka tangu asubuhi hadi jioni na utumbo wao unatoka damu. Ninao waoga wasioumwa hata kichwa. Lakini siwezi kukuambia kwamba hofu haimo. Ugonjwa uliolala, mashaka makubwa yanaweza kuuamsha. Naliona hilo mara nyingi. Vipi hasa, bado tunachunguza. Nikikuambia najua yote nitakuwa naongopa." Akavua miwani. "Sasa nami nikuulize. Dawa uliacha lini?"

Hadda akaruka. "Hakuacha! Anameza kila siku."

Aldjia akageukia ukuta. Kisha akaeleza habari za duka la dawa, na kiti cha Sebti kwenye jua, na kona aliyogeukia.

Hadda akaweka mkono mdomoni. Daktari akarudisha miwani machoni.

"Kumbe ilipitia hapo," akasema. "Mimi ningetafuta kwenye damu, kwenye vipimo. Hofu ilikuzuia barabarani tu."

"Kwa hiyo ni hofu?"

"Ni ugonjwa, mama. Na ni hofu. Utumbo nitautibu mimi. Na kuna mwenzangu hapa chini, mwanasaikolojia, kazi yake ni kuzungumza na watu kuhusu hayo mengine. Utakwenda?"

"Wa kuongea tu? Hana risasi?"

Daktari akacheka. "Hana."

Akaenda, mwanzo kwa kumridhisha daktari. Akarudi nyumbani majira ya machipuko, na dawa mpya ya sindano anayodungwa hospitali kila baada ya wiki kadhaa. Vidonge Hadda alimletea kutoka Constantine, akawa anamwangalia akimeza mpaka afungue kinywa kuonyesha. Damu ikakoma. Mwili ukarudi polepole, mashavu kwanza.

Hofu haikukoma. Ndugu wa Sebti waliendelea na ghala, na mmoja wao alikuwa na tabia ya kusimama chini ya ngazi za mawe na kuvuta sigara akitazama juu. Aldjia aliweka komeo la chuma kwenye mlango wa choo na jingine kwenye mlango wa mbele. Lakini tumbo lilikaa kimya. Alikuwa akitetemeka kwa hofu na tumbo limejilalia, akashangaa, kama mtu aliyezoea kuona watu wawili wakitembea pamoja na leo anamwona mmoja.

Kesi ilisikilizwa mwaka uliofuata. Ouarda alikuja na Rym, binti mwembamba aliyekaa mbele kabisa na kumkodolea macho Sebti bila kupepesa. Aldjia aliitwa. Wakili wa Sebti alisimama, akauliza kwa upole kama si kweli kwamba shahidi ni mgonjwa, na kwamba ugonjwa wake unajulikana mtaani kuwa ni wa hofu, na kwamba alikwenda kwa mganga.

"Ni kweli," Aldjia akasema. "Naumwa utumbo, na ni mwoga. Nilichokiona nilikiona."

"Una uhakika gani, mama, ikiwa ulikuwa na hofu?"

"Sikuwa na hofu nilipoona. Hofu ilikuja baada ya kuona."

Jaji akamwambia akae. Sebti alipewa miaka mingi, na Fouzia michache kwa kuficha. Ouarda hakushangilia. Alimpitia Aldjia ujiani, akasimama, akamrekebishia shungi begani, akaondoka na Rym. Hawajawa marafiki. Nadhani hawatakuwa.

Njiani kurudi, Hadda aliendesha mwenyewe, vibaya, akishika usukani kwa mikono yote miwili.

"Hofu imekwisha sasa?"

"Haijaisha."

"Tumbo?"

"Limetulia."

Hadda akafikiri mpaka kona mbili. "Mimi sielewi kitu tena, wallahi. Sasa nikuombee lipi?"

"Yote mawili," Aldjia akasema. "Na usimame pale mbele wanapochoma nyama. Sijala tangu jana."